Radha Aliyefumba Macho

Mchoraji Hirdu alikuwa amemchora Radha, mpenzi wa mungu Krishna, mara thelathini na tisa, na kila mara kwa uso wa binti yake, Sarsuti. Msichana alikaa dirishani akichambua dengu, na baba akiiba umbo la shavu lake. Raja, mtawala aliyetaka shairi la mapenzi yao lichorwe ubeti kwa ubeti, alizipenda picha hizo, akaagiza uso usibadilike mpaka shairi liishe. Kisha ikaja homa ya msimu wa mvua. Ikamchukua Sarsuti siku kumi na moja kabla ya harusi yake.

Ilibaki picha moja.

Mwandishi wa ikulu, Pandit Mangat, alikuja kumsomea Hirdu ubeti wa mwisho, maana fundi hakujua kusoma. Radha, ubeti ulisema, ameingia kwenye kibanda cha majani alimo Krishna. Aibu imemtoka, anamtazama Mola wake kama mwenye kiu anavyotazama maji.

Hirdu akachora kibanda, maua, mikono inayokutana. Kwa mafundi wa milimani, macho huchorwa mwisho. Ilipofika zamu yao, mkono ukagoma. Ni mkono huo huo uliomfumba mwanawe macho. Akaziacha kope zimelala.

Pandit aliporudi kuandika ubeti mgongoni mwa picha, aliitazama, akaguna.

"Fundi, huyu anasinzia? Bwana kamngoja picha zote hizi, bibi kafika anakoroma?"

"Ana aibu, Panditji."

"Aibu imemtoka. Nilikusomea mwenyewe, au siku ile masikio ulimwazima jirani?" Kisha akautazama ule uso vizuri, na sauti ikashuka. "Ndugu yangu, huu ni wimbo wa Mungu. Siwezi kuuandika nyuma ya macho yaliyofumbwa. Nitakuja kesho asubuhi."

Tulsan, mke wa Hirdu, alisikia yote akiwa jikoni. Tangu msiba hakuwa amekanyaga chumba cha kazi. Sasa aliingia, unga wa mahindi ungali mikononi.

"Mfumbue macho, Baba Sarsuti."

"Nikimfumbua, ataondoka."

"Ameshaondoka. Hii wataifunga kitambaa chekundu, waitie kwenye sanduku la Raja. Watakuwa wakiitoa sikukuu kwa sikukuu. Unataka kila wakiifungua wakute maiti?"

Hirdu alichovya brashi ya manyoya ya kindi kwenye wino, akashusha pumzi, akavuta mstari mmoja mwembamba, kisha mwingine. Akatia nukta ya mboni.

Tulsan akainama begani kwake. Akasogea kushoto, akasogea kulia, akarudi tena kushoto.

"Mwanetu hatuangalii," alisema.

"Anamwangalia Krishna. Ndivyo ubeti unavyotaka."

"Najua." Alijifuta unga kwenye shali, kidole kimoja kimoja. "Hata siku ya harusi yake asingetuangalia sisi."

Akaketi sakafuni kando ya picha, asiiguse, wakangoja wino ukauke.