Kiti cha Mbele na Mtungi Mwekundu

Shoga yangu ni mshonaji, na mtaa mzima tunamwita Futi kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani. Tangu mama mkwe wake ahamie kwao, Futi hajaonja kiti cha mbele cha gari la mumewe. Kila safari mama mkwe hufungua mlango wa mbele, akaketi, akapakata pochi, basi, hapo kafika. Futi hurushwa nyuma pamoja nami na mizigo.

"Mimi ndiye niliyeolewa," aliniambia, "lakini kisogo cha mume wangu nakijua kuliko uso wake."

Jumapili moja boneti ikafuka moshi njiani. Kumbe kuna tambara lilisahauliwa juu ya injini. Mume akalimwagia maji ya kunywa ya mama yake, moto ukafa, na mama akayaombolezea maji yake mpaka tukafika nyumbani. Kesho yake mume akamwambia mkewe, "Wewe una jicho la kuchagua. Nenda kwa fundi, chukua mtungi wa kuzimia moto, aufunge kabisa ndani ya gari."

Futi akatabasamu. Na mimi ninayemjua, akitabasamu hivyo ujue kuna mtu kitambaa chake kinapunjwa.

Gereji tulimkuta fundi ameipanga mitungi yake ukutani kama watoto wa shule. Akashusha mmoja mdogo. "Huu unatosha gari lenu, shemeji. Ndani una unga, unazima mafuta na nyaya. Ukinunua angalia mshale uwe kwenye kijani, na pini iwe na lakiri yake, ujue haijavutwa."

Futi wala hakutazama mshale. Alivuta futi yake shingoni, akaupima ule mdogo, akautikisia kichwa, akapima mwingine mnene, mwekundu. Magauni ya mama mkwe ameshona yeye, chungu nzima. Vipimo vyake, toka kiunoni hadi kisiginoni, anavyo kichwani.

"Huu," akasema.

"Huo watu wa malori ndio huchukua."

"Gari letu dogo, roho yake ya lori."

"Abiria wa mbele hatakuwa na pa kunyoosha miguu."

"Maskini," Futi akasema. "Basi itabidi akae nyuma."

Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama matairi.

Fundi alitaka kuufunga mtungi chini, ukiegemea kiti cha abiria, ili dereva aupate kwa mkono bila kuhangaika. Futi akaketi, akapima, akashuka. "Sogeza mbele."

"Hapa?"

"Mbele tena."

"Shemeji, hapo mkono wa dereva utafika kwa dua. Na mbele zaidi chini yake limepita bomba la mafuta, sitoboi hata mkinifunga kamba."

"Basi ishia kabla ya bomba."

Fundi akatoboa, akakaza bolti za kishikio, akaubana mtungi kwa mkanda wake wa chuma, kisha akautikisa kwa nguvu zote. Haukucheza. "Msiulegeze kamwe. Ukibiringika ukaingia chini ya breki, mtakuwa mmenunua ajali kwa hiari yenu."

Jumapili iliyofuata tulikuwa tunakwenda kwa shangazi yake mume. Futi alivaa gauni jipya, akapaka manukato, akasimama karibu na mlango wa mbele kama bibi harusi anayengojea kuitwa. Mama mkwe akaja na pochi yake, akafungua mlango, akauona mtungi.

"Hii nini?"

"Usalama, mama," Futi akasema kwa sauti ya asali. "Ila utakubana. Njoo nyuma, nimekutandikia na kanga."

Mama mkwe aliingia, magoti yakampanda karibu na kidevu. Futi akanifinya mkono. Mara mama akainama pembeni, akavuta chuma cha kiti, na kiti kikarudi nyuma mpaka kikagota. Akavua viatu. Akainua miguu, mmoja baada ya mwingine, akaiweka juu ya mtungi, akashusha pumzi ndefu.

"Daktari alisema niinue miguu nikikaa," akasema. "Kila siku nawaambia, hakuna anayesikia. Nani kaliwazia jambo hili?"

"Mkweo," nikamjibu mama upesi, maana mume alishaanza kufungua mdomo.

"Mkwe wangu," mama akasema, "Mungu akuzidishie."

Futi alikuwa ameshaingia nyuma ya kiti kile, magoti yamebanwa, manukato yote yananipata mimi.

Mume akanyoosha mkono kuujaribu mtungi. Mkono haukufika. "Mama, hapa si mahali pake. Kesho fundi aurudishe karibu na kiti."

"Ukisogezwa, sipandi tena gari hili."

Niliona macho ya Futi yakiwaka. Kiti cha mbele hicho hapo, kinamwita. "Kweli mume wangu," akasema haraka, "usalama kwanza. Usogezwe leo leo."

"Sawa," mama mkwe akasema bila kugeuka. "Nitakuwa nakwenda kwa miguu. Polepole, na mkwe wangu kanishika mkono. Sokoni, hospitali, kwa shangazi, kwa dada zangu wote. Wewe mwanangu utatutangulia na gari."

Futi akakitazama kisogo cha mama, akakitazama na cha mume.

"Tena tukitembea tutazungumza," mama akaongeza. "Nina mengi ya kukufundisha."

"Mume wangu," Futi akasema taratibu, "pitia kwa fundi amfundishe mama kuvuta pini. Moto ukiwaka atakupa mkononi. Mtungi uache ulipo."