Matundu ya Bendera ya Bachis Murru

Kwa miaka arobaini Bachis Murru alisimulia matundu ya bendera yake, na kila mwaka yaliongezeka. Alianza na risasi tatu za Waaustria. Kufikia harusi ya bintiye zilikuwa kumi na moja, na mwenyewe alikuwa keshaamini nusu yazo.

Ilikuwa bendera ya kisiwa chao cha Sardinia, msalaba mwekundu na vichwa vinne vyeusi. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, aliibeba vitani akiwa ameifunga tumboni, chini ya koti. Sasa makumbusho ya mjini yaliomba kuihifadhi. Mtunzaji wa makumbusho hayo, Bi Annica Sole, aliitandaza mezani akaikagua kwa kioo cha kukuzia.

"Mzee Bachis," akauliza kwa adabu, "kwani risasi za Waaustria zilikuwa na meno?"

Mzee akaikazia macho kofia yake. Ulimi ulikuwa na mazoea ya kumwokoa, lakini leo uligoma kudanganya.

"Panya, mwanangu. Nilifungia jibini la kondoo humo. Wakalitafuna pamoja na bendera, nami nimeivaa, nakoroma. Shujaa mzima analiwa tumboni, hana habari!"

"Basi nitaandika hivyo."

"Andika japo 'panya wa adui'."

Siku ya ufunguzi wa maonyesho alijibanza nyuma ya mlango kama mwizi wa mbuzi. Mtu mmoja akasoma kwa sauti maandishi ya Bi Annica chini ya bendera, chumba kizima kikaangua kicheko.

"Bachis! Hao panya walikuwa kumi na mmoja?" mmoja akapaza sauti.

Ndipo Zuanne Piras, mwenzake wa handaki moja, akagonga sakafu kwa fimbo kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Mnacheka nini? Tulizingirwa siku nne bila chakula. Jibini lililoachwa na panya ndilo tulilokula sisi sita. Mimi nililamba hadi kitambaa!"

Bachis alikuwa amezisahau kabisa siku hizo, maana miaka yote alikuwa na kazi ya kujipiga risasi za uongo. Akatoka mafichoni, akamshika Zuanne bega.

"Ulilamba wapi, wewe?"

"Penye vichwa. Ndipo palipokolea chumvi."

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha Bachis akamwomba Bi Annica kalamu, aongeze kwenye maandishi majina ya wale wanne wengine. La mwisho lilimgomea, ikabidi Zuanne amtajie.