Chavua Kitandani

Mvua ya siku ya tatu ilimkuta Suyun ameinamia sinia, akigusa kwa kidole vichwa vyekundu alivyochuma ndani ya maua ya mpeasi. Hivyo ndivyo viungo vya kiume vya ua, na humo ndimo mlimokuwa na chavua. Bila joto vichwa hivyo havipasuki, na jua halikuonekana. Kwenye shamba la mteremkoni maua yalikuwa yamekwisha kufunguka, nayo huishi siku chache tu. Nyuki walikwisha kutoweka bondeni. Watu ndio wanaochavusha maua kwa mikono.

"Chukua blanketi langu la umeme," mama mkwe wake alisema kutoka kitandani. Bi Deng alikuwa amevunjika nyonga tangu majira ya baridi. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amemkataza Suyun kugusa chavua: mkono mzito, alisema.

"Ukae na baridi, Mama? Sitaki."

"Basi vilete hapa. Nitalala navyo."

Suyun alicheka, akidhani ni mzaha.

"Unacheka nini? Nimelea watoto wanne juu ya kitanda hiki hiki. Lete!"

Akatandaza karatasi ubavuni mwa bibi kizee, akamwaga vile vichwa, akavifunika kwa kitambaa chepesi. Kutwa nzima Bi Deng hakujigeuza. Mara kwa mara aliingiza kiganja chini ya kitambaa, kama anayepima homa ya mtoto, akaamuru, "Punguza joto," au "Ongeza kidogo." Suyun alimlisha uji kwa kijiko, na alipoona uso umekunjamana alijua nyonga inauma.

"Jigeuze, Mama. Vikimwagika nitaviokota."

"Wewe? Utaviponda vyote." Kisha, kwa sauti ya chini, "Nisugue mgongo, mwanangu."

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Suyun alipenyeza mkono, akasugua taratibu hadi vidole vikafa ganzi.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika na vichwa vimepasuka, vumbi la njano limejaa karatasi. Suyun alilichekecha, akafunga manyoya ya kuku kwenye ufito, akapanda mti wa kwanza.

"Gusa tu, usifagie!" Bi Deng alipiga kelele kutoka kitandani, kupitia dirisha.

"Nimekusikia!"

Wiki tatu baadaye Suyun alimbeba mgongoni hadi shambani. Mapeasi yalikuwa madogo kama njegere, mengi mno. Bi Deng alishika moja, hakulichuma.

"Umechoka?" akauliza.

"Bado, Mama."

"Basi twende hadi ule mti wa mwisho."