Vigae vya Kina Kirefu

Mwalimu mkuu alitaka buluu. Alikuwa ameiona kwenye kitabu cha picha cha duka la vigae, buluu iliyokoza kama wino, na ndani ya bwawa hilo la kwenye picha hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikamwambia bwawa lisilo na watoto hupendeza kwa rangi yoyote. Akacheka.

"Basi chagua wewe, Mwalimu. Wewe ndiye unayesimama pale. Ila kesho asubuhi nataka jibu, duka linasubiri."

Nikamwahidi atalipata.

Nimefundisha kuogelea katika shule hii miaka ishirini na miwili. Watoto huniita Mwalimu Chura, wakidhani sijui. Miaka yote hiyo sijapoteza mtoto. Lakini muhula uliopita, wiki moja kabla bwawa halijafungwa kwa ukarabati, mtoto mmoja wa darasa la pili, yule ambaye wenzake humwita Pilipili kwa kuwa hatulii, alizama upande wa kina kirefu. Nilikuwa nimesimama ukingoni, macho wazi, na sikumwona. Mwenzake ndiye aliyepiga kelele: "Mwalimu, Pilipili yuko chini!" Nikajitupa, nikamtoa. Akakohoa, akatapika, akalia, kisha akauliza kama anaweza kurudi majini. Nami nikawaambia watu kwamba amemeza maji kidogo. Haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa ukweli uliokatwa mkia.

Vigae vya zamani vilikuwa buluu iliyokoza, vimeota ukungu kwenye kila kiungio. Nikavibebesha lawama zote. Nani angeona mtoto kwenye sakafu ya giza vile? Nilijiambia hivyo nikipiga mswaki, nikajiambia hivyo nikisahihisha madaftari. Ila yalikuwapo na mengine. Mlango wa kabati la jikoni ulikuwa na tabia ya kunigonga bega la kushoto. Siku moja nilimtafuta mume wangu duka zima, na kumbe alikuwa amesimama kando yangu na kikapu mkononi, ananishangaa. Watu husema macho hayana pazia. Mimi nilianza kuogopa kwamba yangu yameota pazia upande mmoja, na kuna mtu analivuta polepole.

Basi mambo yalikuwa mawili. Ama vigae ndivyo vilivyomficha yule mtoto, na vyeupe vingenitibu. Ama ni mimi, na hapo hakuna duka la vigae linalouza dawa yangu. Nilitaka viwe vigae. Nilitaka sana, hata nikawa naomba.

Fundi wa bwawa tunamwita Milimita. Ni mtu mfupi mwenye penseli sikioni, na anaweza kubomoa ukuta wa jana kwa sababu umetoka nje ya mstari kwa unene wa ukucha. Siku hiyo bwawa lilikuwa limeshapigwa plasta na dawa ya kuzuia maji, naye alikuwa amelijaza pomoni ili aone kama linavuja kabla hajabandika kigae hata kimoja. Nilimkuta amechuchumaa, anatazama alama aliyoichora ukutani usawa wa maji kana kwamba ingemtoroka.

"Limeshuka?" nikauliza.

"Halijashuka. Lakini siliamini bado."

Kwanza alinisomesha habari za ukingo. Akamwaga maji ya sabuni juu ya vigae viwili, akaniambia nivue viatu nipande. Kile chenye kukwaruza kilinishika vizuri. Kile cha kung'aa kilinipeleka mbele, nikamdaka shingo, penseli ikaruka.

"Umeona?" akasema, anaitafuta penseli yake. "Hiki tutakiweka chini tu, ndani ya maji. Ukimweka mtoto mwenye mbio juu yake..."

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," nikamwambia. "Za watoto wangu huishia hospitalini. Haya, ukingo tumekubaliana. Sasa rangi. Nataka kuiona chini ya maji, kina kirefu, si kwenye kiganja cha mkono."

Alipenda wazo hilo. Mtu yule hupenda kipimo chochote. Akachukua mbao mbili kubwa kama milango, moja akaijaza vigae vya buluu, nyingine vyeupe. Nikamwomba vifuko vya kitambaa cha kahawia, avijaze mchanga, kila kimoja kiwe kama kichwa cha mtoto. Hakuuliza kwa nini, ila alinitazama.

Saa kumi jioni tulizishusha mbao kwa kamba, ya buluu kushoto kwangu, nyeupe kulia. Nikampa mgongo. Yeye akavishusha vifuko kwa ufito wenye ndoano, idadi anayotaka, pale anapotaka. Masharti niliyaweka mwenyewe: nitageuka, nitatazama mbele kwa pumzi moja tu, kama ninavyolitazama bwawa lenye watoto thelathini wanaopiga kelele, kisha nitaje hesabu.

"Tayari," akasema.

Nikageuka. Nikavuta pumzi, nikaishusha.

"Kwenye nyeupe, viwili. Kwenye buluu, hakuna."

"Nyeupe viwili, sawa kabisa," akasema. "Kwenye buluu navyo ni viwili. Vimekupita."

Vimenipita! Sijawahi kufurahia kukosea namna ile. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Ni vigae! Ni buluu ile mbaya ya mwalimu mkuu! Nikamwona Pilipili anaogelea juu ya sakafu nyeupe, kila kidole chake kinahesabika, na mimi ukingoni hadi nistaafu. Nikainama kuchukua mkoba wangu niende kutoa jibu.

"Bado," Milimita akasema.

"Bado nini? Tumeshaona."

"Tumeona mara moja. Kipimo hakikamiliki mpaka ubadilishe nafasi. Pengine upande ule una kivuli. Nikipima mlango, napima kutoka kushoto, kisha napima kutoka kulia."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na jibu langu, tena lile nililoliomba. Lakini mtu akikuambia pima tena na wewe ukakimbia, umeshajijibu. Nikauweka mkoba chini. Akazivuta mbao, akazibadilisha, nyeupe ikaja kushoto, buluu ikaenda kulia. Nikampa mgongo tena. Nilisikia ufito ukigonga ukingo, kisha maji yakitulia.

"Tayari."

Nikageuka. Pumzi moja. Kwenye buluu, ile buluu mbaya iliyokoza, niliviona vifuko viwili vimelala wazi kabisa. Upande wa kushoto sakafu ilikuwa nyeupe, safi, kama shuka lililotandikwa sasa hivi.

"Buluu viwili," nikasema. "Nyeupe, hakuna kitu."

Milimita aliitoa penseli sikioni, akairudisha.

"Sema," nikamwambia.

"Buluu viwili, sawa."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe... labda ni mwanga, Mwalimu. Jua limegeuka. Maji nayo yalikuwa bado yanacheza kidogo."

"Fundi, viko vingapi?"

"Vitatu."

Nikageuza kichwa chote, mpaka kidevu kikafika begani. Vilikuwapo. Vitatu, vya kahawia juu ya weupe, hata mshono wa kile cha karibu uliweza kuonekana. Nikarudisha uso mbele. Havipo. Nikageuza tena. Vipo. Nilifanya hivyo mara nne au tano.

Hasira zikanijia, zikamwangukia yeye. "Nani alikutuma ubadilishe? Nilikwambia tumeshaona! Kazi yako kubandika vigae, si kupima watu!"

Alizivuta mbao juu mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, huku anakunja kamba, "Dada yangu, ukitaka, tulipima mara moja tu. Mimi nitasema nyeupe imeshinda. Na kweli ni nzuri kuliko buluu. Hakuna atakayeuliza."

Mtu anayegombana na ukuta kwa unene wa ukucha alikuwa tayari kunisamehe vichwa vitatu vya watoto. Alisema kwa wema, najua. Wema huo ulinitisha kuliko kitu chochote siku ile, kwa sababu nilitamani kuupokea. Niliuona muhula mzima ukipita hivyo, mimi nikijifunza kugeuza shingo haraka haraka, watu wakisema Mwalimu Chura siku hizi yuko macho kweli kweli.

"Hapana," nikasema. "Mara mbili. Tulipima mara mbili."

Sikwenda nyumbani kwanza; ningefika nyumbani ningepata sababu ya kunyamaza. Nilivaa viatu, nikapanda ngazi za ofisi nikishika ukuta wa kushoto kwa vidole. Mwalimu mkuu alikuwa anafungasha vitu vyake, kitabu cha picha kiko wazi mezani, pale pale kwenye ile buluu.

"Umeshachagua? Nilisema kesho."

"Vyeupe chini. Vya kukwaruza ukingoni."

"Vyeupe vitaonyesha kila uchafu, Mwalimu."

"Vionyeshe. Ndiyo kazi yake."

Akatabasamu, akachukua kalamu, akaandika. Alidhani tumemaliza. Mimi nilikuwa bado nimesimama.

"Na mimi nisisimame tena pale peke yangu," nikasema. "Litafutie bwawa mwalimu mwingine. Nitakwenda kwa daktari wa macho, pengine nitabaki kumsaidia, sijui. Lakini nisiwe peke yangu."

Kalamu ikasimama. "Kwa nini? Kumetokea nini?"

"Yule mtoto wa muhula uliopita, Pilipili. Hakumeza maji kidogo. Alikuwa amezama mpaka chini, hatua tano kutoka miguuni pangu, na mimi sikumwona. Mwenzake ndiye aliyemwona."

Mwalimu mkuu alikaa. Alikuwa na mkoba begani, akakaa nao hivyo hivyo.

"Alikaa chini ya maji muda gani?"

Swali hilo nilikuwa nimelijibu mara nyingi kichwani. Siku nzuri nilisema sekunde tano. Siku mbaya nilisema ishirini. Nilifungua kinywa nichague moja, na nikaona kwamba zote nilizitunga.

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa natazama pale pale, mwalimu mkuu, na sijui."