Mashua Mbili Uani kwa Faridu

Felista alikuwa amechoka hata kabla hawajafika. Uchovu wenyewe haukuwa wa safari, maana kutoka Nyamwaga hadi Tarime mjini si mbali kihivyo. Ulikuwa uchovu wa kusikia habari za mashua. Mashua wakati wa kula, mashua wakati wa kupalilia, mashua mpaka kanisani, mumewe Wangwe akimnong'oneza mambo ya matanga huku katekista akisoma matangazo. Wangwe aliwahi kufundisha shule Kinesi, kando ya ziwa, na wavuvi wa huko walimfundisha kuendesha mtumbwi wa tanga. Tangu astaafu na kurudi nyumbani, kila kitu cha nchi kavu kilimchosha: kesi za mipaka, vikao vya ukoo, vumbi. Alitaka alizunguke ziwa lote, leo alale Ukerewe, siku nyingine Bukoba, na mke wake awe naye. Huyo mke hakuulizwa.

Fundi Faridu alikuwa na karakana ya mbao nyuma ya soko. Uani kwake zilisimama mashua mbili kuukuu alizozinunua Kisumu, akazipitisha Sirari juu ya lori na kuzikarabati. Zilikaa juu ya magogo na matairi, mbali na maji yoyote, kuku wakijificha jua chini yake. Mtu asiyejua angedhani gharika ilipita Tarime ikazisahau.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," Faridu alisema akijipangusa vumbi la mbao.

"Marahaba, mura, kijana wangu," Wangwe alijibu, lakini macho yake yalikuwa yameshaikimbilia ile kubwa.

Na kweli ilikuwa kubwa. Ndani ilikuwa na jiko, meza ya kukunja, choo, na vitanda viwili vyenye magodoro. Ile ndogo ilikuwa na tanga moja na kibanda cha kuingia kwa kuinama, na humo kitanda kimoja chembamba. Wangwe aliikagua kubwa kama anavyokagua ng'ombe mnadani. Aliizunguka, akaipiga kofi nyuma, akainama kutazama tumbo, kisha akauliza umri wake. Felista angecheka kama angekuwa na nguvu.

"Hii ina mwili," Wangwe alisema. "Hiyo nyingine imedumaa."

Felista alijua mwili huo ungenunuliwa kwa mali gani. Ng'ombe wa mahari ya binti yao Winfrida, aliyeolewa Mbalibali, bado walikuwa zizini, na kwa desturi ng'ombe hao ni wa nyumba ya mama. Wangwe asingeweza kuuza hata ndama mmoja mpaka mkewe akubali. Lakini Felista alikuwa na mpango wake. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa Wakurya mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa mkamwana, msichana atakayeishi naye na kuzaa watoto kwa jina la nyumba yake. Alikuwa ameshazungumza kimyakimya na familia moja ya Kemambo. Alitaka kelele za watoto uani, na mtu wa kumpa maji ya kunywa magoti yakikataa. Mashua kubwa ingemaliza zizi lote. Ndogo ingebakiza wa kutosha.

"Mama Winfrida, panda uone jiko lako," Wangwe aliita kutoka juu.

Alipanda ngazi polepole, magoti yakilalamika. Ndani kulinuka rangi mpya. Wangwe alimkalisha kwenye kitanda kimojawapo.

"Hiki ni chako, cha dirishani. Nimekumbuka hupendi giza."

Moyo ulimuuma Felista. Laiti angekuwa mume mbaya, kumkatalia kungekuwa rahisi.

"Mzee, mtasafiri wangapi?" Faridu aliuliza kutoka chini.

"Mimi na mama."

"Mama anajua tanga?"

Wangwe alichungulia dirishani.

"Hiyo uliyopanda ina matanga mawili," Faridu aliendelea. "Upepo ukigeuka, mmoja anashika usukani, mwingine anavuta kamba, tena kwa nguvu. Peke yako huiwezi. Ile ndogo mtu mmoja anatosha."

Katika kukagua kwake kote, Wangwe hakuwa amewaza hilo. Kwa mtu aliyekulia machungani, ng'ombe mkubwa na mdogo huswagwa kwa fimbo ileile.

"Atajifunza," alisema hatimaye. "Si ndiyo, Mama Winfrida?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Sawa. Tuhamie Kinesi, sawa. Turudi Nyamwaga, sawa. Maisha yake yote alikuwa akilisema neno hilo, na leo lilikataa kutoka. Haukuwa ushujaa, ulikuwa uchovu tu.

"Chukua ile ndogo, Baba Winfrida."

"Ile ina kitanda kimoja."

"Nimekiona."

Wangwe alikaa kwenye kitanda cha pili, akawa anasawazisha godoro ambalo halikuwa na mkunjo wowote. Alikuwa mtu wa hasira, na Felista aliingoja hasira hiyo, lakini haikuja.

"Kwa hiyo huji."

"Siji. Nakupa ng'ombe wa kutosha hiyo ndogo. Watakaobaki ni wa mkamwana. Nilikuwa naogopa kukwambia."

"Mimi nilidhani nakupumzisha."

"Najua," Felista alisema, na machozi yakamtoka bila kumuuliza. "Nenda. Ukichoka, urudi. Sikufukuzi."

Waliteremka. Safari hii Wangwe hakupiga kofi wala kuuliza umri. Aliinama, akaingia kwenye kibanda cha ile ndogo, akajilaza kukijaribu kitanda. Hakikumtosha. Miguu yake ilitokeza nje ya mlango, viatu amevivua, na soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka kisigino. Felista alikuwa amepanga kuishona tangu wiki iliyopita.

Alikitazama kile kisigino kwa muda mrefu.

"Faridu, mwanangu," alisema, "hicho kitanda unaweza kukiongeza?"

"Naweza, mama. Nitaunga ubao. Nikiongeze urefu na upana?"

"Urefu tu," Felista alisema. "Upana uache ulivyo."