Unyevu wa Nyumba ya Akina Teague

Jumanne ya pili ya Desemba, saa mbili na nusu asubuhi, Orlinda Maestas aliegesha gari lake la kazi nyuma ya nyumba ya akina Teague, akashusha sanduku la vifaa na kupanda ngazi tatu za mlango wa jikoni. Alipobonyeza kengele, cheche ilimruka kidoleni. Hakuijali. Mjini Ardell, matanuru ya kupashia nyumba joto yakishaanza kuwashwa mwezi wa Oktoba, hewa ya ndani hukauka mpaka watu wanarushiana cheche wakipeana mikono kanisani, midomo inapasuka, na miguu ya viti inachomoka yenyewe.

Aliyefungua mlango ni Bi Nadine Teague, mwanamke wa miaka themanini na miwili, leso ameikandamiza puani. Leso ilikuwa na damu.

"Pita, mwanangu," alisema. "Futa miguu, ingawa kwa nyumba hii haisaidii kitu. Hii itakuwa mashine ya tatu ya kutia unyevu tangu mwaka juzi."

"Hizo mbili alikufungia nani?"

"Mafundi wa mji wa Pueblo. Wa mwisho amekataa kurudi. Anasema nilimdanganya idadi ya watu waliomo humu."

Orlinda aliitikia kwa kichwa. Fundi akidanganywa idadi, hesabu yote inaharibika. Aliteremka chumba cha chini, akawasha taa, akaikuta mashine ya zamani imening'inia ubavuni mwa bomba kubwa la bati linalopeleka hewa ya moto juu. Ilikuwa ya aina ya kawaida: maji hutiririka juu ya sponji, hewa hupita, unyevu huondoka nayo. Aliifungua. Sponji ilikuwa imekauka na kuwa nyeupe kwa chokaa, akaivunja kwa vidole kama biskuti. Bomba la maji lilikuwa zima, vali nzima, waya mzima. Maji yalikuwa yanaingia mashineni usiku na mchana, na kipimo cha ukutani kilisema nyumba ina unyevu wa asilimia nne. Jangwani kwenyewe huwa zaidi ya hapo.

Alipopanda kueleza, Bwana Warren Teague alikuwa sebuleni kwenye kiti chake cha ngozi, karibu na tundu kubwa la hewa la sakafuni, anasoma gazeti. Alikuwa na miaka themanini na minane na bado alivaa tai.

"Wewe ni binti wa Eusebio," alisema bila kushusha gazeti.

"Ndimi."

"Alikuwa na mwandiko mzuri sana baba yako."

Orlinda alifungua daftari lake. Alikuwa na miaka hamsini, alikuwa fundi pekee wa tanuru aliyebaki Ardell, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kuingia nyumba hiyo. Baba yake alikuwa mshika funguo wa mfereji. Miaka ile Ardell ilikuwa nchi ya matikiti na viazisukari, na maji yalishuka kutoka mtoni kwa mfereji wa maili arobaini. Eusebio Maestas ndiye aliyepita na farasi, baadaye na gari, akiwafungulia watu malango ya maji kwa zamu. Kisha jiji moja la kule milimani likataka maji hayo, na wakili Teague akazunguka nyumba kwa nyumba na makaratasi. Katika mwezi mmoja wa Machi wakulima wote waliuza hisa zao za maji. Mwaka uliofuata mashamba yakaota magugu makavu, wa tatu yakawa vumbi, na kiwanda cha sukari kikafungwa. Sasa mji unanunua maji ya bomba kutoka jiji lile lile. Na kila mtu Ardell alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba aliyesaini wa kwanza ni Eusebio. Walimnyima salamu mpaka alipokufa. Dukani, mwenye duka alimwekea chenji juu ya kaunta asije akamgusa mkono.

"Nitakufungia mashine ya mvuke," Orlinda alimwambia Bi Nadine. "Hii inachemsha maji yenyewe, haingoji tanuru. Ila niambie ukweli. Mko wangapi?"

"Sisi ni wawili. Wageni ni kumi na mmoja. Wanafika saa kumi na moja kasorobo, wanaondoka kwenye saa kumi na mbili."

"Kila siku?"

"Kila siku ya baridi. Ni wale wa mfereji, waliokufa. Mwanzoni walikuwa wananyonya mimea yangu ya vyunguni. Mimea ikaisha, ndipo nikanunua mashine."

Orlinda aliandika kumi na tatu kwenye daftari lake na kurudi chini.

Kazi ilimchukua siku nzima. Alifunga maji, akaing'oa mashine ya zamani, akaliziba tundu lake kwa kipande cha bati na skrubu nane. Alivuta waya mpya wa umeme kutoka kwenye kisanduku cha swichi, akafunga mashine ukutani, akaipima kwa pima maji isikae upande. Alikata tundu jipya kwenye bomba la hewa kwa mkasi wa bati, akapitisha mpira wa mvuke, akauinamisha ili maji yasiyopanda yarudi. Mwisho akafunga bomba la kutolea maji machafu. Alipowasha, mashine ilikaa kimya dakika kumi, kisha ikaanza kuchemka polepole kama chungu cha maharage. Kufikia saa kumi jioni kipimo cha ukutani kilikuwa kimepanda hadi asilimia thelathini na moja. Bi Nadine aliitoa leso puani, akavuta pumzi, akakaa jikoni kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana.

"Nitangoja wageni," Orlinda alisema. "Nataka niione inavyofanya kazi ikiwa na mzigo."

Bi Nadine akaenda kutandika taulo juu ya viti.

Walifika kwa wakati wao. Waliingia kwa mlango wa mbele, wanaume tisa na wanawake wawili, makoti yao ya kilimo yamejaa vumbi, nyuso zimepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Walifuta miguu. Wakakaa kuzunguka matundu ya hewa ya sebuleni na ya chumba cha kulia, wakainama na kufungua midomo. Hawakufanya kelele. Orlinda alisimama mbele ya kipimo, akakiona kinashuka: thelathini, ishirini na sita, ishirini na mbili. Hapo kikasimama. Hesabu yake ilikuwa sawa.

Alihesabu wageni waliokaa katika vyumba hivyo viwili. Walikuwa kumi. Alimpata wa kumi na moja kwenye korido, ameketi sakafuni, kichwa amekiegemeza ukutani juu ya tundu dogo la mwisho kabisa, lile lililo mbali na tanuru, ambalo katika nyumba yoyote huwa halipati kitu. Alikuwa amevaa koti la kahawia alilozikwa nalo.

"Baba," alisema Orlinda.

"Mwanangu," alisema Eusebio. Sauti yake ilikuwa kama karatasi. "Wewe ndiye uliyeifunga?"

"Ni mimi."

"Umeifunga vizuri. Haitetemi."

"Mbona umekaa huku? Huku hakufiki kitu."

"Huku ndiko kulikobaki."

Orlinda alirudi sebuleni. Karibu na mguu wa Bwana Teague alikaa August Stroh, aliyekuwa mkulima wa viazisukari, mtu wa mabega mapana. Orlinda alikuwa akisoma darasa moja na bintiye.

"Mzee Stroh, mbona mmemwacha baba yangu koridoni?"

Stroh alifunga mdomo ili apate kusema. "Anajua mwenyewe."

"Mimi sijui."

"Alisaini wa kwanza. Mwenye ufunguo akishauza, wewe uliyebaki utamwagilia kwa nini? Kwa mate?"

"Nani alikwambia alisaini wa kwanza?"

"Huyu bwana hapa." Stroh alimwelekezea Teague kwa kidevu. "Jikoni kwangu, tarehe nne Machi. Aliniambia Maestas keshasaini, nikichelewa nitabaki na karatasi za hisa zisizo na maji."

Kumagai, aliyekuwa na matikiti matamu kuliko yote ya bonde lile, aliinua kichwa kutoka kwenye tundu la chumba cha kulia. "Mimi alinijia tarehe tisa. Maneno hayo hayo. Bahasha aliyodai ina sahihi ya Maestas alinionyesha, ila hakuifungua."

"Kwangu alikuja tarehe sita," alisema mmoja wa wanawake. "Mume wangu alikuwa mgonjwa. Nilisaini kwa sababu Maestas alikuwa amesaini."

Koridoni Eusebio alikohoa. "Mimi nilisaini tarehe kumi na saba," alisema. "Aliniambia nyinyi wote mmeshamaliza, nimebaki mimi na mfereji mtupu. Nikamwuliza, hata Stroh? Akasema Stroh ndiye aliyewaongoza wenzake."

Chini tanuru liliwaka. Hewa ya moto ilipanda kwenye matundu yote kwa pamoja, na mapazia yakatikisika kidogo. Bwana Teague aligeuza ukurasa wa gazeti.

"Bwana Teague," alisema Orlinda. "Ni kweli?"

"Tarehe wanazikumbuka vizuri."

"Na maneno?"

"Bei ya sukari ilikuwa imeanguka. Wangeuza tu, kama si mwaka ule basi uliofuata. Mimi niliwafupishia safari. Na hakuna sheria niliyovunja, unaweza kutazama."

"Baba yangu alizikwa na watu watano."

"Ilikuwa Januari," alisema Bwana Teague. "Kulikuwa na baridi sana."

Orlinda aliwatazama waliokaa. Aliona kwamba wamesikia na wameelewa. Kumagai alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili. Orlinda alingoja mmoja wao anyanyuke aende koridoni, au angalau aite.

"Basi," alisema Stroh, akainama tena, akafungua mdomo.

Saa kumi na mbili waliondoka, na Eusebio akawa wa mwisho kutoka, hatua kumi nyuma yao.

Wiki hiyo hiyo Orlinda alikwenda ofisi ya kumbukumbu ya kaunti na maelezo aliyoyaandika mwenyewe, kurasa mbili, tarehe na majina. Alitaka yawekwe kwenye faili la mfereji, ili mtu akilifungua ayakute. Karani, msichana mwenye mafua, aliyasoma yote.

"Hawa mashahidi ni marehemu?" aliuliza.

"Kumi na mmoja, wote."

"Marehemu hatuwapokei, dada. Bibi yangu naye alihangaika hivi hivi na shauri la ukuta wa jirani. Fomu inataka sahihi ya mtu aliye hai aliyesema maneno au aliyeyasikia yakisemwa wakati ule. Yupo?"

"Yupo mmoja."

"Basi asaini hapa, nami nitagonga muhuri hapo hapo."

Orlinda alirudi kwa akina Teague na fomu. Alimwendea kwanza Bi Nadine, aliyekuwa anakung'uta taulo uani.

"Mimi sikuwepo kwenye majiko ya watu," alisema Bi Nadine. "Na hata ningekuwepo. Nyumba hii ilijengwa kwa maji yale, mwanangu. Nikisema, nitahamia wapi?"

Bwana Teague alizisoma kurasa zote mbili kwa lenzi ya mkononi. Alisoma taratibu, kama mtu anayefurahia kazi. Kisha akachukua kalamu, na Orlinda akasogea karibu.

"Sentensi hii inataka mkato," alisema Bwana Teague. Akauweka. Akafunga kalamu na kumrudishia karatasi bila kusaini.

Orlinda alizikunja karatasi. Aliteremka chumba cha chini, akatafuta bomba jembamba linalokwenda koridoni, akakifungua mpaka mwisho kile kilango cha ndani kinachopunguza hewa. Vilango vya sebuleni akavirudisha robo. Hicho ndicho alichoweza kukifanya. Jioni ile alikaa sakafuni karibu na baba yake, akaweka kiganja juu ya tundu. Hewa ilikuwa inakuja, kidogo, yenye uvuguvugu.

"Hawajakuita?" aliuliza.

"Hawajaniita. Miaka arobaini na moja wamenichukia, mwanangu, hawawezi kuacha kwa sababu ya jioni moja. Wakiacha, itakuwa wamenichukia bure." Aliinama, akanywa, akajipangusa mdomo kwa mkono wa koti. "Lakini Stroh ananitazama. Zamani alikuwa hanitazami."

Bwana Teague alikufa mwishoni mwa Februari kwa ugonjwa wa mapafu. Kanisa lilijaa. Kulikuwa na baridi kali kuliko ile ya mwaka aliozikwa Eusebio, na magari yalipanga mstari mpaka kwenye reli. Fomu ya Orlinda ilibaki kwenye droo ya gari lake, ikiwa na mkato wake.

Siku tatu baada ya maziko Bi Nadine alipiga simu.

"Wamekuwa kumi na wawili," alisema. "Pua imeanza tena."

Orlinda alifika saa kumi na moja na nusu. Bwana Teague alikuwa kwenye kiti chake cha ngozi, na tai yake, uso umeanza kupasuka kidogo pembeni mwa macho. Bi Nadine alikuwa amemtandikia taulo. Wengine walikuwa mahali pao pa kila siku. August Stroh alikuwa ameikunja miguu yake mirefu na kusogea upande, ili bwana mwenye nyumba alifikie tundu bila taabu.

"Fundi," alisema Bwana Teague. "Hewa ya humu imepungua nguvu."

"Nitaiongeza," alisema Orlinda.

Aliteremka, akapandisha mashine alama moja, akaandika tarehe ubavuni mwake kwa kalamu ya wino mzito, kama wanavyofanya mafundi. Alisimama akisikiliza maji yakichemka. Kisha mvuke ukapanda bombani, ukaanza na tundu kubwa la sebuleni, kama unavyofanya katika nyumba yoyote ile, na uliobaki ukaenda koridoni.