Makofi Aliyopigiwa Trizah

Trizah alipigiwa makofi ya kilo. Wayua naye alipiga, lakini viganja vyake havikutoa sauti.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba mjenga ukuta ndiye hupigiwa makofi, na aliyeziba ufa hakuna anayemjua. Wayua alitunza seva ya chuo pale Thika, mashine inayobeba tovuti ambamo wanafunzi huangalia matokeo. Trizah alitunza ya tawi la Ruiru. Walioiunda programu ya seva walipotangaza kwamba ina tundu, wakatoa kiraka cha kuliziba, Wayua alikiweka siku hiyohiyo, wenzake wakiwa wanakula githeri. Trizah aliahirisha. Wezi wakaingia Ruiru wakavuruga kila kitu, na binti akahangaika siku mbili mpaka akairudisha tovuti. Sasa alikuwa mbele ya walimu wote, mkuu wa chuo, Madam Nyawira, akimfunga leso mpya.

"Huyu ametuokoa," Madam akasema. "Na wewe Wayua, huko Thika huwa unafanya nini siku nzima?"

Watu wakacheka. Wayua akacheka pia, meno tu.

Jumatatu asubuhi likaja tangazo la tundu jingine, kubwa kuliko lile. Wayua akakipakua kiraka, halafu akaondoa mkono kwenye kibodi. Na nikiliacha? Waingie mara moja tu. Nakala ya tovuti ninayo, kufika saa kumi nitakuwa nimeirudisha, na mimi nifungwe leso. Moyo ulimdunda kama wa mtu anayeiba kuku wake mwenyewe.

Chai ikapoa. Akafungua daftari la seva, linaloandika kila anayebisha. Watu asiowajua walishaanza kuusukuma mlango, tena na tena tangu alfajiri. Nakala ingerudisha tovuti, sawa. Isingerudisha namba za vitambulisho za wanafunzi zikishabebwa.

Akakiweka kiraka. Seva ikazima kidogo ili iwake upya, na simu ikalia hapohapo.

"Wayua, tovuti imelala," Madam Nyawira akasema. "Mbona ya Trizah iko sawa?"

"Inarudi sasa hivi, Madam."

"Hebu muulize Trizah vile yeye hufanya."

Wayua akaichungulia ya Ruiru. Tundu lilikuwa wazi. Wivu ukamwambia nyamaza. Kisha akapiga simu.

"Sasa, anti," Trizah akaitika, mdomo umejaa mandazi.

"Umeweka kiraka cha leo?"

"Kiko kingine? Si niliweka cha juzi."

"Kiko. Weka kabla hujamaliza hiyo mandazi."

"Ngai. Ngoja basi." Kibodi kikaanza kulia. "Kwani wewe, anti, hujawahi kuvamiwa hata mara moja? Una bahati sana."

Wayua akaitazama tovuti yake; ilikuwa imesharudi.

"Achana na bahati," akasema. "Nisomee hapo imeandika nini."